Mshale wa temperecha unapoleta utata: namna ya kuipima geji ya joto ya pikapu, hatua kwa hatua

Jioni moja nilikuwa natoka Kibaha na pikapu yangu, Hilux ya zamani yenye injini ya dizeli iitwayo 3L, nyuma nimepakia matofali. Tangu Kiluvya mshale wa temperecha ulikuwa umepita nusu, nikawa naukodolea macho. Nilipokaribia Mbezi Mwisho ukaanza kushuka wenyewe, taratibu, mpaka ukalala kwenye C, upande wa baridi. Nikashusha pumzi, nikaongeza mwendo. Kimara sikufika. Injini ilikosa nguvu, ikaanza kugonga, ikazima katikati ya foleni. Nilipofungua boneti, mpira wa chini wa rejeta ulikuwa umepasuka na ndani hakuna tone la maji.

Geji haikuwa mbovu. Sensa yake hupima joto la maji. Maji yalipokwisha, ikabaki kwenye hewa na mvuke, ikasoma ubaridi huku chuma kinaungua. Hedi, yaani kichwa cha injini kinachofunika silinda, ilipinda, gasketi yake ikaungua, gari likakaa gereji wiki tatu.

Wakati huo nilikuwa dereva tu. Leo nafanya kazi ya umeme wa magari hapa Tabata, Dar es Salaam, na karibu kila wiki naletewa pikapu ambayo mwenyewe anasema "geji imekufa". Wengine ni kweli imekufa. Wengine geji inasema ukweli na injini ndiyo inayougua. Na wapo waliofunguliwa hedi bure kwa sababu ya waya mmoja wenye kutu. Ndiyo maana naandika mpangilio ninaoufuata mwenyewe, na nakuomba usiruke hatua ya kwanza hata kama una uhakika gani.

Vifaa

Multimita ya kawaida ya dijitali inatosha. Tafuta pia balbu ndogo ya dashibodi ya wati 3.4 uliyoiungia nyaya mbili, kipande cha waya, msasa laini, spana ya saizi ya sensa yako, na sufuria ambayo mama watoto hataihitaji tena kupikia. Ukipata kipimajoto cha kumulika kwa mbali, kile chenye mfano wa bastola, utakuwa umerahisisha nusu ya kazi. Lakini angalia: vile vya kupimia homa watu vilivyojaa mjini tangu kipindi cha korona havifai. Vinaishia nyuzi arobaini na kidogo, kisha vinaandika kosa. Unahitaji cha viwandani, kinachopita nyuzi 150.

Hatua ya 1: Jua joto la kweli la injini

Anza asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa. Fungua mfuniko wa rejeta uangalie maji. Nasema baridi kwa sababu mfumo ukipata moto unakuwa na mgandamizo. Mifuniko mingi imeandikwa 0.9 au 1.1, na kwa mgandamizo huo maji yanaweza kufika karibu nyuzi 120 bila kuchemka. Ukifungua wakati huo yanachemka yote kwa pamoja na kukurukia usoni. Nimeona mtu aliyeungua namna hiyo pale Buguruni na sitaki uwe wa pili.

Maji yawe yamejaa mpaka shingoni mwa rejeta. Usiishie kuangalia ile chupa ya akiba ya pembeni, maana chupa inaweza kuwa imejaa na rejeta ni tupu, kama mfuniko haunyonyi au kampira kake kamepasuka. Yakiwa yamepungua, hapo hapo umeshapata ugonjwa wa kwanza: tafuta yanakovujia kabla ya kuigusa geji.

Sasa funga, washa injini, acha iungurume bila kukanyaga mafuta. Shika mpira wa juu wa rejeta, ukijiepusha na feni na mikanda. Dakika za mwanzo utakuwa wa vuguvugu kidogo tu au baridi. Themostati, ile vali inayozuia maji yasipite kwenda kwenye rejeta mpaka yapate moto, bado imefunga. Nyingi huanza kufunguka karibu na nyuzi 82, nyingine 76, nyingine 88; namba hupigwa kwenye themostati yenyewe. Ikifunguka, mpira wa juu unapata moto ghafla kiasi cha kushindwa kuushika. Muda huo mshale unatakiwa uwe umeshapanda kuelekea katikati.

Kama una kile kipimajoto, mulika kwenye nyumba ya themostati, pale mpira wa juu unapoingia kwenye injini. Chuma kinachong'aa hudanganya vipimo hivi, kinaonyesha joto dogo kuliko lililopo. Bandika kipande cha tepu nyeusi ya umeme, subiri kidogo, kisha umulike juu ya tepu. Injini nzima iliyokwisha kupata moto itakupa kati ya nyuzi 80 na 95 hivi. Ukiona 105 na inaendelea kupanda, zima. Mshale uwe umesema nini, zima.

Hatua hii inakupa moja ya majibu matatu.

Joto la kweli liko sawa na mshale umekaa pasipo pake: geji, au kitu kinachohusiana nayo, kina kasoro. Endelea na hatua zinazofuata.

Joto la kweli liko juu na mshale unasema hivyo hivyo: geji yako ni nzima, mshukuru Mungu, tafuta tatizo kwenye maji, rejeta, wota pampu, feni au gasketi ya hedi.

Joto la kweli liko chini na mshale uko chini: hili ndilo linalopotezea watu hela zaidi hapa mjini. Gereji nyingi za Dar zina mazoea ya kung'oa themostati kwa hoja kwamba mji una joto, haihitajiki. Bila themostati maji hayasubiri, yanazunguka tangu injini ikiwa baridi. Ukiwa barabarani, tuseme umetoka Kongowe asubuhi na upepo unapiga rejeta, mshale unalala karibu na C. Ukikwama kwenye foleni ya Barabara ya Mandela unapanda. Mwenye gari anaona mshale unacheza, ananunua sensa, hakibadiliki kitu. Ananunua nyingine. Themostati haikuwekwa kwa ajili ya nchi za baridi. Imewekwa ili injini ifanye kazi kwenye joto ililoundiwa. Dizeli inayoendeshwa baridi inakula mafuta zaidi, inatoa moshi, na silinda zinachakaa mapema. Kama mpira wako wa juu unapata joto pole pole tangu dakika ya kwanza badala ya kupata moto ghafla, fungua nyumba ya themostati uangalie kama imo. Mara nyingi utakuta tundu tupu.

Naongeza jambo moja kuhusu maji, kwa kuwa ndiyo sensa inapoogelea. Visima vingi vya Dar vina maji ya chumvi. Ukiyajaza kwenye rejeta yanaacha magamba kwenye njia za maji na juu ya ncha ya sensa, na sensa iliyovaa gamba inachelewa kusoma. Tumia kulanti, yaani kimiminika maalumu cha kupozea injini, iliyokwisha kuchanganywa, au ichanganye na maji yaliyosafishwa.

Hatua ya 2: Tambua gari lako lina mfumo gani

Pikapu za zamani, kama Hilux za injini 2L, 3L na 5L zenye pampu ya dizeli ya kimekanika, zina sensa ya geji yenye waya mmoja tu. Waya unatoka kwenye dashibodi mpaka kichwani mwa sensa. Athi yake, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri, inapatikana kupitia nyuzi (meno ya kukazia) za sensa zilizokazwa kwenye chuma cha injini.

Pikapu zenye kompyuta, kama Hilux Vigo zenye injini za 1KD na 2KD, sensa ina nyaya mbili na inaripoti kwa kompyuta ya injini kwanza. Kompyuta ndiyo inayoiambia dashibodi mshale usimame wapi.

Kuna magari yenye zote mbili, na juu yake swichi ya feni au sensa ya plagi za hita, zote zimepangwa jirani karibu na themostati. Usichomoe kwa kukisia. Yenye waya mmoja ndiyo kwa kawaida ya geji. Yenye nyaya mbili ndiyo ya kompyuta. Fuata rangi ya waya kama una mchoro.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu jaribio la waya mmoja ninaloeleza kwenye hatua ya 5 halifanywi kwenye sensa ya kompyuta. Na ukilifanya kwenye swichi ya feni utapata jibu lisilo na maana na utaanza kubomoa dashibodi nzima ya gari lisilo na kosa.

Hatua ya 3: Usome mshale kabla ya kushika spana

Ndani ya sensa mna kitu ambacho ukinzani wake unapungua kadiri joto linavyoongezeka. Ikiwa baridi, inazuia umeme sana na mshale unakaa chini. Ikipata moto, inaachia na mshale unapanda. Shika hilo tu, maana dalili zote zinatokana nalo.

Waya ukikatika au soketi ikichomoka, umeme haupiti kabisa, kwa hiyo mshale unalala C hata injini ikichemka. Waya ukichubuka ukagusa bodi, umeme unapita wote na mshale unaruka H, upande wa moto, mara tu unapowasha swichi, hata gari likiwa limelala usiku kucha. Mshale unaoruka H kwenye injini baridi hauwezi kuwa joto. Huo ni waya au sensa iliyopiga shoti.

Mshale unaocheza cheza ukipita kwenye mashimo ni waya uliolegea. Mshale unaosogea ukiwasha taa kubwa, waipa au indiketa ni athi mbovu. Geji ya mafuta nayo ikiwa imepagawa pamoja na ya temperecha, acha kabisa sensa za chini: tatizo liko kwenye kitu zinachochangia, yaani fyuzi, athi ya dashibodi, au kwa magari ya zamani kile kidhibiti umeme kidogo nyuma ya geji.

Kisha kuna mshale unaopanda haraka, ukashuka haraka, ukapanda tena. Huo mara nyingi ni hewa ndani ya mfumo wa maji, au gasketi ya hedi inayopuliza moshi kwenye maji. Ukiona mapovu yanatoka mfululizo shingoni mwa rejeta tangu injini ikiwa baridi, usinunue sensa.

Hatua ya 4: Fyuzi na athi

Kwenye Toyota nyingi fyuzi yake imeandikwa GAUGE, ya ampia 10, kwenye kisanduku kilicho ndani karibu na miguu ya dereva. Mara nyingi ndiyo inayolisha pia taa za rivasi, kwa hiyo taa za rivasi zisipowaka pamoja na geji kulala, umeshapata jibu. Usitosheke kuiangalia kwa macho. Ipime kwa multimita. Na ikiwa imeungua, usiweke kipande cha waya wala ya ampia 20. Fyuzi haikatiki bila sababu, na dashibodi iliyoshika moto haina spea.

Athi ni habari ndefu zaidi hapa kwetu. Magari yanayolala Kigamboni, Msasani au Kunduchi yanapigwa na upepo wa chumvi usiku na mchana. Utakuta mkanda wa athi kutoka injini kwenda bodi umekuwa unga wa kijani. Weka multimita kwenye volti za DC. Injini ikiwa inaunguruma na taa kubwa zimewaka, gusa ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma safi cha injini. Isome chini ya volti 0.2. Rudia kati ya hasi ya betri na bodi. Ikizidi hapo, fungua bolti ya athi, piga msasa pande zote mbili mpaka chuma kiwe cheupe, kaza, kisha paka grisi juu. Nimeshawahi kumaliza kesi ya miezi miwili kwa msasa peke yake. Mwenye gari alikuwa ameshanunua sensa tatu.

Hatua ya 5: Jaribu waya na geji (mfumo wa waya mmoja)

Zima gari. Chomoa soketi ya sensa. Washa swichi bila kuwasha injini. Mshale unatakiwa ulale C. Ukibaki juu, waya umegusa bodi mahali fulani kati ya sensa na dashibodi. Ufuate taratibu, hasa unapopita karibu na ekzosti na pale unapoingia kwenye ukuta wa kabini.

Ukilala C, chukua ile balbu ya wati 3.4. Waya wake mmoja ugusishe kwenye soketi uliyochomoa, mwingine kwenye chuma safi cha injini. Muombe mtu aangalie dashibodi. Mshale unatakiwa upande kuelekea H. Ukipanda tu, ondoa, usiuache umeganda huko.

Mafundi wengi wanagusisha waya moja kwa moja kwenye injini bila balbu. Geji nyingi zinavumilia kwa sekunde moja, lakini zipo zinazoungua koili, na ukishaiunguza hutajua tena kama ilikuwa nzima. Balbu inakuwa kama breki, inazuia umeme usipite wote.

Mshale ukipanda: waya na geji ni vizima, mshukiwa ni sensa au athi yake. Nenda hatua ya 6.

Usipopanda: nenda kwenye soketi ya nyuma ya dashibodi, tafuta waya huo huo upande wa pili. Zima swichi, chomoa soketi zote mbili, na upime kama waya unapitisha kutoka mwanzo hadi mwisho. Isome karibu na sifuri. Multimita ikiwa kimya, waya umekatika njiani. Badala ya kufumua fungu zima, pitisha waya mpya kando ya ule wa zamani, uufunge vizuri mbali na joto. Waya ukiwa mzima na mshale bado haupandi, geji yenyewe ndiyo imekufa.

Hatua ya 6: Sensa kwenye sufuria

Injini ikiwa baridi, punguza maji ya rejeta kidogo, fungua sensa. Ziba tundu kwa kitambaa safi.

Jaza sufuria maji. Ning'iniza sensa kwa waya ili ncha yake izame bila kugusa chini, na kichwa chake kibaki kikavu. Weka multimita kwenye omu, kipimo cha ukinzani: ncha moja kichwani mwa sensa, nyingine kwenye mwili wake wa shaba. Kwa sensa ya nyaya mbili, pima kati ya pini zake mbili. Washa jiko moto mdogo, uweke na kipimajoto cha jikoni ndani.

Andika namba kila nyuzi 10. Namba moja moja si muhimu sana kwako kama mwenendo wake. Zishuke bila kurukaruka. Sensa ikisoma vizuri mpaka nyuzi 60, kisha ikaganda au ikaruka, ni mbovu, hata kama ikiwa baridi inaonekana nzima. Kwa Toyota nyingi za zamani sensa ya geji inakuwa na omu kama 200 kwenye nyuzi 50, na inashuka hadi karibu 20 ikifika nyuzi 120. Sensa ya kompyuta ina namba kubwa zaidi: karibu 2,500 kwenye nyuzi 20, na kama 300 kwenye nyuzi 80. Kwa hali yetu ya Dar, ikiwa mkononi kivulini itakupa kati ya 1,500 na 2,000. Gari lisilo Toyota litakuwa na namba zake, tafuta kitabu chake.

Huna kipimajoto? Dar tuko usawa wa bahari, kwa hiyo maji yanayotokota ni nyuzi 100. Pima hapo. Ndugu zangu wa Mbeya wasifanye hivyo bila hesabu: huko juu maji yanachemka kwenye nyuzi kama 94.

Karatasi hiyo ya namba usiitupe, ina kazi nyingine. Kama unashuku geji inasoma juu au chini kidogo tu, nunua rezista yenye omu sawa na zile sensa nzima ilizokupa kwenye nyuzi 85 au 90, ya wati 2 au zaidi isije ikaungua. Iunge kati ya soketi na athi badala ya sensa. Mshale usimame pale pale unaposimama kila siku gari likiwa na afya. Ukisimama mbali na hapo, umeikamata geji bila kufungua dashibodi.

Hatua ya 7: Pikapu zenye kompyuta

Hapa multimita inakuja baadaye. Chomeka mashine ya kusomea gari, hata kile kidogo cha bluetooth kinachotumia simu. Fanya asubuhi kabla ya kuwasha injini, swichi ikiwa imewashwa. Soma joto la maji na joto la hewa inayoingia. Gari lililolala usiku kucha namba hizo mbili zinatakiwa zikaribiane, labda 27 na 28. Maji yakisoma 60 wakati injini imelala, sensa inadanganya.

Ukikuta nyuzi −40, kompyuta haioni sensa: waya umekatika au soketi imechomoka. Ukikuta 140 na injini ni baridi, kuna shoti. Kuthibitisha kwenye Toyota, chomoa soketi: isome −40. Kisha unganisha pini mbili za soketi ya upande wa nyaya kwa kipande kifupi cha waya: isome 140 au zaidi. Zikibadilika hivyo, nyaya na kompyuta ni vizima, badilisha sensa. Zisipobadilika, fuata nyaya. Ukichomoa sensa hii kwenye magari mengine feni ya umeme inaanza kuzunguka yenyewe, kwa hiyo toa mikono kwanza.

Misimbo ya makosa utakayokutana nayo kwenye mashine ni P0115 hadi P0118, yote ya sensa ya maji na nyaya zake. P0128 ni tofauti: injini haifiki joto linalotakiwa, na hapo unarudi kwenye ile hadithi ya themostati iliyong'olewa. Ujue pia kwamba kompyuta ya Toyota ikipoteza sensa inajifanya maji yana nyuzi 80 ili gari liendelee kutembea. Gari linaweza kuwaka vizuri kabisa huku halijui joto lake.

Kama mashine inasoma joto la kweli, ulilolithibitisha hatua ya kwanza, na mshale bado haueleweki, kosa liko kati ya kompyuta na dashibodi. Kazi hiyo mpe mwenye mchoro wa gari lako. Na mishale ya magari ya kisasa imepangwa isimame katikati kwenye upana mkubwa wa joto, ili dereva asihangaike. Ukiuona umeanza kutoka katikati kwenda juu, tayari kuna tatizo kubwa. Usiungoje ufike kwenye nyekundu.

Hatua ya 8: Kununua na kufunga

Nenda Kariakoo au Gerezani na sensa ya zamani mkononi, pamoja na namba ya chesisi. Sensa nyingi zina nyuzi zinazofanana kabisa lakini omu tofauti. Inaingia, inakaza, soketi inakaa, na mshale unasoma uongo maisha yake yote. Beba multimita dukani. Pima mpya ikiwa baridi, linganisha na karatasi yako. Muuzaji akikuambia, "Mzee wangu, hizi zote ni moja," mwambie kwa upole unapima tu dakika moja. Muuza spea mwaminifu hatakukatalia. Mimi napendelea sensa ya mtumba iliyotoka kwenye gari la aina ile ile, niliyoipima mwenyewe, kuliko mpya isiyo na jina.

Wakati wa kufunga sensa ya waya mmoja, usizungushie tepu nyeupe ya fundi bomba kwenye nyuzi zake. Nyuzi hizo ndizo njia yake ya athi. Ukizivalisha tepu, unaweza kuzitenganisha na chuma cha injini, na mshale utasoma chini kuliko joto lililopo, kosa la hatari kuliko yote. Piga nyuzi brashi, weka washa yake kama ilikuja nayo, kaza kwa kiasi. Shaba inakatika kirahisi ndani ya hedi ya aluminiamu, na kuitoa hapo ni siku nzima.

Jaza maji taratibu, pua ya gari ikiwa imeinuka kidogo. Washa injini mfuniko ukiwa wazi tangu ikiwa baridi, acha hewa itoke mpaka themostati ifunguke na maji yashuke, ongeza, kisha funga. Hewa ikibaki karibu na sensa utarudi mwanzo na kudhani umenunua mbovu.

Baada ya hapo likabidhi barabara. Mimi natoka Tabata naingia Mandela saa kumi na moja jioni, foleni ikiwa imeshona, na mzigo nyuma, kisha napandisha Pugu. Nikifika juu nasimama, nafungua boneti injini ikiendelea kuunguruma, namulika ile tepu nyeusi na kuangalia mshale kwa wakati mmoja. Kisha naweka alama ndogo ya kalamu kwenye kioo cha dashibodi, pale mshale uliposimama kwenye nyuzi 90. Dereva mwingine akilichukua gari, namwonyesha alama hiyo, na namwambia: ukipita hapa juu, au ukishuka ghafla chini yake gari likiwa na mzigo, simama pembeni uangalie maji, kisha unipigie.